Juu ya Nini Wananiita Mzee



Mimi ni kapita wa wanafunzi mwaka huu. Niko mwaka wa sita, nina miaka 18. Walakini katika masomo haya wengi hawaniiti kwa jina wala kwa cheo. Wananiita Mzee. Wadogo wa mwaka wa kwanza wanafikiri ni heshima. Wenzangu wa mwaka wa sita wanajua ni mzaha. Wanasema: "Ule eko na miaka kumi na munane, lakini akili yake iko ya nkambo yake." Wakisema kengele ya saa kumi na moja asubuhi iondolewe, mimi nasema ibaki. Wakisema kusimama mbele ya mwalimu ni mambo ya wakoloni, mimi nasimama. Wakisema inchi hii haitapona mpaka yote ipinduliwe, mimi nauliza maswali, na maswali yangu yanawachosha.

Jina hilo nalikubali. Lakini mutu akipewa jina, heri aeleze mwenyewe maana yake, kama sivyo wengine watalieleza pahali pake. Tena kuna neno lililosemwa mu interna muhula uliopita. Nitalifikia mbele. Nisipoliandika, nitamaliza masomo na kuacha deni.

Nianze na kitu kidogo. Hapa kwetu kuna zamu ya maji. Umeme ukikatika pompi inanyamaza, na kila kalasi ina siku yake ya kuchota kisimani na kujaza mapipa ya jikoni. Mwaka jana wenzangu wawili walileta shauri: zamu iondolewe, kila mutu achote maji yake mwenyewe. Walisema ni sheria ya zamani, hakuna anayejua nani aliiweka. Nikawauliza: "Mbele ya zamu kulikuwa nini?" Wakanyamaza. Nikaenda kumuuliza mlinzi wa usiku, ambaye ameona masomo haya miaka mingi kuliko mwalimu yeyote. Akacheka. Akasema: "Mbele ya zamu kulikuwa ngumi. Bakubwa balikuwa banachota, batoto banakunywa matope." Zamu ilibaki.

Kwa ufupi, ndiyo namna yangu ya kufikiri. Sheria ikifanya kazi vizuri, ubaya iliokuja kuzuia hauonekani tena, na watu wanaanza kusema haina kazi. Basi kabla ya kuitoa, tuulize kwanza ilikuja kuzuia nini.

Inchi yetu yenyewe inafundisha jambo hilo. Muji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, jina la malkia wa Ubelgiji. Mwaka 1966 ukaitwa Lubumbashi, jina la mto wetu, na hiyo ilikuwa haki. Mwaka 1971 Kongo ikawa Zaire, na Katanga ikaitwa Shaba. Mwaka 1972 watu wakaambiwa waache majina ya kikristo. Joseph-Désiré Mobutu mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko. Mwaka 1997 Zaire ikawa Kongo tena, Shaba ikawa Katanga tena. Mwaka 2015 Katanga ikakatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Nkambo wangu alizaliwa mwaka 1948. Hakusafiri sana: Lubumbashi, Likasi, kisha Lubumbashi tena. Lakini mutu akisoma karatasi zake zote, atafikiri ni mutu aliyezunguka inchi nyingi. Mwenyewe anasema: "Majina iligeuka yote. Mashimo ya barabara ilibakia paka ile ile."

Jina halivunji sufuria. Feza ndiyo inavunja. Wenzangu wa hesabu na fizikia, shikeni kalamu. Mwaka 1967 ilikuja feza mpya, zaire. Zaire moja ilikuwa sawa na franka 1,000 za mbele yake, na ilibadilishwa kwa dola mbili za Marekani. Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, ilitangazwa kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina thamani tena, na watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya: moja ilikuwa sawa na zaire 3,000,000 za kwanza. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo: moja sawa na zaire mpya 100,000. Zidisheni. Franka moja ya mwaka 1998 ilikuwa sawa na zaire za kwanza 300,000,000,000. Ni bilioni mia tatu. Nilifanya hesabu hiyo mara tatu, nikifikiri nimezidisha sifuri.

Kila mara watu waliambiwa kwamba huu ni mwanzo mpya. Kila mara aliyeumia ni yule aliyefanya kama wazazi wanavyotufundisha: alifanya kazi, akakula kidogo, akaweka kidogo. Nkambo alikuwa anaweka feza ya mabati mu mukebe wa maziwa. Noeli ile ya 1979 alikuwa na mutoto wa miaka mine, ndiye baba yangu, na mukebe uliojaa karatasi. Nyumba ilikaa chini ya majani miaka mingine sita.

Kuna jambo linalotugusa sisi zaidi. Mwisho wa mwaka 1974 Serikali ilichukua masomo ya makanisa yote, ya Wakatoliki, ya Waprotestanti na ya Wakimbangu. Walisema ni maendeleo. Haikupita miaka mitatu. Tarehe 26 Februari 1977 Serikali ilitia sahihi mapatano na makanisa, ikawarudishia kazi ya kuyasimamia. Ndiyo maana tunaitwa mpaka leo masomo ya konvansio. Na mwaka mmoja mbele, tarehe 30 Novemba 1973, ilikuwa imetangazwa kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa wananchi. Nia ilikuwa nzuri kwa kuisikiliza, sababu ni kweli kwamba mwananchi alikuwa anabaki inje ya duka katika inchi yake. Lakini wengi waliopewa walikuwa wakubwa wa siasa na rafiki zao. Hawakujua kuagiza mali wala kuandika hesabu. Waliuza vilivyokuwa juu ya rafu, kisha rafu zikabaki wazi. Mwaka 1975 na 1976 wenye mali wa kwanza wakaanza kuitwa warudi. Duka linavunjwa kwa siku moja. Kurudisha muuzaji, munuzi, mukopo na imani kati yao ni kazi ya miaka, na pengine hairudi kamwe.

Sasa musinishike vibaya. Sisemi kwamba kila kitu cha zamani ni kizuri. Wazee wengi wa muji huu wanasifu wakati wa Union Minière: posho kila juma, nyumba, hospitali, masomo ya watoto. Posho ilikuwa kweli. Lakini ni kweli vilevile kwamba Desemba 1941 wafanyakazi wa kampani hiyo waliomba mishahara iongezwe, juu vita ya Ulaya ilikuwa imepandisha bei ya vitu. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, na askari wakawapiga risasi. Makumi ya watu walikufa. Mutu anayetaka turudi wakati ule aseme kama anataka kurudi na mu ule uwanja.

Tena, nkambo wangu wa kike hakuvuka mwaka wa pili wa masomo ya msingi. Ilisemwa kwamba binti akijua kuhesabu mihogo inatosha. Leo katika kalasi yetu anayetushinda wote katika kemia ni binti, na wanaume wote wa mwaka wa sita wanaazima daftari lake. Hilo ni badiliko kubwa, nami nalifurahia. Lakini angalieni njia liliyopita. Halikuja kwa tangazo la radio. Lilikuja kwa mama mmoja mmoja, aliyeuza makala na sombe barabarani ili alipe minervali ya binti yake, na jirani aliyeona akafanya vilevile. Badiliko la namna hiyo linakaa, sababu waliolifanya ndio waliolilipa. Ninayemwogopa ni yule anayeleta badiliko ambalo bei yake italipwa na wengine.

Nifikie siasa, kwa maana mu interna hatukosi kuzisema. Katiba yetu ilipigiwa kura na wananchi Desemba 2005, ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. Mbele yake tulikuwa na Sheria ya Msingi ya 1960, Katiba ya Luluabourg ya 1964, Katiba ya 1967 iliyorekebishwa mara nyingi, na karatasi mbalimbali za wakati wa mpito. Katika hii ya 2006, kifungu cha 220 kinataja mambo yasiyoweza kuguswa, na kati yake ni hesabu ya vipindi vya Rais na urefu wake. Oktoba 2024, kule Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alisema itaundwa tume ya kutafuta Katiba inayofaa zaidi hali ya Wakongomani. Tangu siku ile mabishano yaliingia hata kwenye meza yetu ya bukari.

Gazeti letu si la chama chochote, na mimi ni mwanafunzi. Nasema paka swali langu la siku zote: kifungu kile kilikuja kuzuia nini? Tarehe 24 Novemba 1965 Jenerali Mobutu alichukua mamlaka, akasema ni kwa miaka mitano. Alitoka Mei 1997. Waliokubali Katiba ya 2006 walikuwa wameona miaka ile kwa macho yao, wala hawakuhitaji kuisoma mu kitabu. Kama kuna vifungu vinavyobana vibaya, juu ya majimbo ao juu ya kugawa feza, virekebishwe kwa njia iliyoandikwa, kimoja kimoja, mbele ya watu wote. Lakini mutu akisema tubomoe nyumba nzima juu mulango mumoja unalia, nitamuuliza: na usiku wa leo, tutalala wapi?

Wale wa upande mwingine nao wasicheke mapema. Wako wanaosema Katiba ni takatifu, na siku hiyo hiyo wanamufurahia mutu anayeingia muji kwa bunduki, juu wanamuchukia Rais. Kifungu cha 64 cha Katiba hiyo hiyo kinampa kila Mkongomani wajibu wa kupinga mutu ao kundi linalochukua mamlaka kwa nguvu. Huwezi kushika 220 kwa mukono moja na kutupa 64 kwa mukono wa pili.

Hapo nafika kwenye vita.

Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga ni inchi peke yake. Nkambo alikuwa na miaka 12. Anasema wengi mu muji walicheza, na naye alicheza, juu watoto wanacheza kila pahali pana ngoma. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliuawa si mbali na muji wetu, pamoja na wenzake wawili. Septemba 1961 majeshi ya Umoja wa Mataifa na majandarme wa Katanga walipigana mu njia za Élisabethville. Katika siku hizo Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alikufa, ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, akija kutafuta mapatano. Vita ilirudi Desemba ya mwaka ule, ikarudi tena mwisho wa 1962, na Januari 1963 inchi ya Katanga ilikuwa imekwisha. Miaka miwili na nusu tu. Usiku moja wa vita ile, mama wa nkambo aliwalaza watoto chini ya kitanda, na mudogo wa wote akamvika sufuria kichwani kama kofia ya askari. Nkambo anasema: "Bunduki haiko na macho. Haiulize mutu eko wa nani."

Machi 1977 na Mei 1978 watu wenye silaha walivuka kutoka Angola, wakisema wanakuja kuikomboa Shaba. Mara ya pili waliingia Kolwezi, na tarehe 19 Mei 1978 askari wa Ufaransa wakashuka pale kwa parashuti. Wafu walihesabiwa kwa mamia, weusi na weupe. Tarehe 23 Machi 2013, siku ya posho, wale wanaoitwa Bakata Katanga waliingia Lubumbashi yenyewe. Mimi nilikuwa mutoto mudogo. Nakumbuka paka mulango, na kabati ambalo baba alilisukuma nyuma yake. Kila mara waliokuja walikuwa na jina zuri, ukombozi ao uhuru. Kila mara waliozikwa walikuwa watu waliotoka kununua unga.

Leo vita iko na sura nyumbani kwetu. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23, wakisaidiwa na jeshi la Rwanda, walichukua Goma, na Februari wakachukua Bukavu. Vijana waliitwa waingie jeshini. Yaya yangu, mwenye miaka 22, aliuza pikipiki yake ya taksi akajiandikisha. Baba alimubariki. Mama alikunja blanketi, akafunga chumvi na sabuni ndani yake, hakusema neno. Nyuma ya mazoezi alipelekwa Mashariki.

Anapiga simu wakati anapata njia. Tunangoja atueleze vita, naye hataki. Anauliza mambo madogo tu: mvua ilianza? Muembe wa nyuma ya jiko ulizaa? Nani alishinda, Mazembe ao Lupopo? Zamani nilifikiri anatuficha mambo. Siku hizi nafikiri anatuambia kila kitu. Mutu aliye mbali na bunduki mukononi anataka kujua kama mambo ya kawaida yangali yanaendelea, juu ndiyo anayoyalinda. Hakwenda kule kwa ajili ya jina la inchi mupya ao feza mupya. Alikwenda ili Jumapili ibaki Jumapili na muembe uzae.

Kwa hiyo sisemi kwamba vita yote ni sawa. Mutu akivunja mulango wako, unasimama. Lakini kuna anayesimama mulangoni na kuna anayepiga kelele akiwa nyuma kabisa ya nyumba. Nimeangalia mu interna: wanaoimba vita kwa sauti kubwa ni wale wasio na mutu kule. Mama yangu haimbi. Ninapoandika mistari hii, ni siku kumi na saba yaya hajapiga simu. Mama anaweka telefone dirishani, pale reso inapofika, na anapika kama kila siku.

Sasa nafikia neno nililoahidi. Usiku moja muhula uliopita, nyuma ya saa ya kujifunza, kulikuwa mabishano juu ya Katiba, kisha juu ya feza ya cobalt na nani anaikula. Sauti zilipanda. Mwanafunzi mumoja wa mwaka wa tano akamwambia mwenzake, ambaye nkambo zake walitoka Kasai: "Weye nyamaza, kilulu." Wengine walicheka. Yule aliyeambiwa alivuta blanketi, akageuza uso ukutani.

Wadogo wengi walicheka bila kujua neno lile lilitoka wapi. Nawaeleza. Bilulu ni wadudu. Mwaka 1992 inchi ilikuwa mu fujo ya siasa, wakubwa wakigombania kiti cha Waziri wa Kwanza kule Kinshasa. Hapa Katanga wanasiasa walianza kulitumia neno hilo mbele ya makutano juu ya majirani waliotoka Kasai. Watu hao wazee wao waliletwa wakati wa Wabelgiji kwa kazi ya reli na ya migodi, na watoto na wajukuu wao walizaliwa hapa. Kuanzia Agosti na Septemba 1992, Likasi, kisha mwaka 1993 Kolwezi, walifukuzwa katika nyumba zao. Walikuwa mamia ya maelfu. Walilala kwenye stesheni majuma na miezi, wakingoja vagoni, na wengi walikufa pale na njiani, zaidi watoto, kwa njaa na magonjwa. Waliowafukuza hawakutoka mbali. Walikuwa wameimba nao mu kanisa moja na kucheza nao mu timu moja. Angalieni vile mambo yalifuatana: kwanza neno, kisha kicheko, kisha jiwe juu ya bati, kisha treni.

Wakati ule nkambo alikuwa anafanya kazi Likasi. Jirani yake wa ukuta mumoja alikuwa mushonaji, mutu wa Kasai. Usiku wa mwisho yule jirani alileta mashini yake ya kushona, akasema: "Unichungie hii." Hakusema zaidi, akaenda stesheni na watoto wake. Watu wa kartie walimwambia nkambo aiuze, kwa maana mwenyewe hatarudi. Miaka ile mishahara haikuja, na nyumbani walikula mara moja kwa siku. Nkambo aliifunika mashini na kikwembe, akaitia mafuta kila mwezi. Mwaka 2003 aliacha kazi pamoja na wengine zaidi ya 10,000 waliolipwa ili waondoke, akarudi Lubumbashi, na mashini ilipanda lori mbele ya vitanda. Miaka mitatu baadaye kijana mumoja alikuja akiuliza lupangu kwa lupangu. Alikuwa mwana wa yule mushonaji. Baba yake alikuwa amekufa, lakini mbele ya kufa alikuwa amemwambia pahali ilipo mashini. Waliitoa chini ya kikwembe, wakaweka uzi, ikashona siku ile ile.

Baba alimuuliza nkambo juu ya nini hakuiuza wakati wa njaa. Alijibu: "Haikukuwa yangu."

Nkambo hajui siasa. Hakuandika kitu, hakusema mbele ya makutano. Lakini mimi nikitafuta siasa yangu, naikuta mu lile jibu. Inchi hii haikuwa yetu peke yetu, na haitakuwa yetu peke yetu. Masomo haya, sheria zake, miti yake, amani kati ya kabila na kabila, ni mashini ya mutu mwingine tuliyopewa tuichunge. Walioileta wengine wamekwisha kufa, na watakaoiuliza hawajazaliwa. Kazi yetu ni kuitia mafuta, na kama kuna kipande kilichooza tukibadilishe, bila kuiuza yote.

Asubuhi ya kesho yake nilimwita yule wa mwaka wa tano. Nilimpa azabu inayoandikwa katika kanuni kwa matukano, siku tatu za kufyeka majani, akafyeka. Tena nikamwomba aende kwa mwenzake amuombe musamaha. Akanijibu: "Mzee, ilikuwa muchezo." Mpaka leo hajaenda. Wanakaa vitanda vinne tu kati yao. Wote wawili watasoma gazeti hili, na mimi sitataja majina. Nasema kwa mumoja: ndugu, majani uliyofyeka yamekwisha kuota tena, lakini neno lako lingali pale uliloliacha. Na kwa wa pili: kitanda chako ni chako, kama kitanda changu ni changu.

Mimi ambaye sipendi sheria mpya, niliomba ruhusa kwa Bwana Prefe niongeze moja mu daftari la kanuni za interna, naye akakubali: neno lile halisemwi hapa, wala kwa hasira wala kwa muchezo. Pembeni niliandika sababu yake, Likasi na Kolwezi, 1992 na 1993, ili kapita atakayekuja miaka kumi mbele asiseme kwamba haijulikani ilitoka wapi.

Kwa kumaliza naomba mambo matatu. Wadogo, mukisikia mutu mukubwa anawaita watu kwa jina la mududu, ondokeni pale, hata kama anagawa bia na mapulo. Wenzangu wa mwaka wa sita, tunaelekea kwenye mtihani wa Serikali, na nyuma yake wengine wataenda chuoni, wengine kazini, wengine kwenye mashimo ya cobalt, pengine wengine jeshini kama yaya yangu. Popote mutakapokuta kitu kinachofanya kazi, mujifunze kwanza vile kinavyofanya kazi kabla ya kukigusa. Na walimu wetu, muendelee kutufundisha historia ya inchi hii pamoja na hesabu ya feza yake, juu mutu asiyejua bei iliyolipwa anataka kununua tena kitu kile kile.

Tena, mukipita karibu na nyumbani kwetu jioni na kuona telefone dirishani, musiishike. Mama anangoja.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita